Pima Mwenyewe Joto la Koili ya Vepu

Maswali kuhusu vepu yamekuwa mengi, na karibu yote ni swali moja. "Nimeweka digrii 220, mbona pamba inaungua?" "Koili mbili nimezisokota sawasawa, moja inachoma koo, nyingine haitoi mvuke, tatizo nini?" "Fundi, nitajuaje koili ina joto kiasi gani kweli?" Wanaouliza ni makundi mawili: wanaosokota koili zao wenyewe, na mafundi wa simu wanaoletewa vifaa hivi vikiwa vimekufa na kutakiwa wavifufue.

Jibu ni kwamba unaweza kuunda kipimio chako mezani kwa vitu ambavyo fundi wa kawaida anavyo nusu yake tayari. Huhitaji maabara. Unahitaji subira, kwa sababu sehemu ngumu si ile ambayo watu wanaidhania. Wengi wanakimbilia kununua kipimajoto cha bei kubwa, na kumbe kipimajoto ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kupima ukinzani wa koili ikiwa baridi, hadi sehemu ya elfu ya omu, bila kudanganywa na nyaya zako mwenyewe.

Mambo mawili kabla hatujaanza. Makala haya hayamshawishi mtu kuvuta. Nikotini hushika mtu asiweze kuiacha, na Uganda imevipiga marufuku vifaa hivi kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya 2015, kwa hiyo jua sheria ya ulipo kabla hujaweka kibao cha ufundi. La pili: katika vipimo hivi hakuna anayevuta chochote. Kimiminika ni glisirini ya duka la dawa isiyo na nikotini, na kazi ya mapafu inafanywa na bomba la sindano.

Skrini haipimi joto

Ndani ya vepu hakuna kipimajoto kinachogusa koili. Unapochagua digrii 225, kifaa kinapima ukinzani wa koili na kupiga hesabu. Metali ikipata moto ukinzani wake hupanda, na baadhi ya metali hupanda kwa mpangilio unaotabirika. Kampuni ya Evolv ya Marekani ndiyo iliyoleta mbinu hii sokoni mwaka 2014 kwa saketi yake ya DNA 40, na wengine wakafuata.

Hesabu yenyewe ni hii: ukinzani wa moto ni sawa na ukinzani wa baridi mara (1 + kigezo cha waya × ongezeko la joto). Kigezo ni sehemu ya ukinzani inayoongezeka kwa kila digrii.

Chukua koili ya stenlesi 316L yenye omu 0.500 kwenye digrii 25. Kigezo chake ni karibu 0.00092. Kutoka 25 hadi 225 ni ongezeko la digrii 200, kwa hiyo ukinzani utapanda hadi omu 0.592. Safari nzima ya digrii 200 imebebwa na miliomu 92 tu. Digrii moja haifiki hata nusu ya miliomu.

Sasa ona kosa linavyozaliwa. Umemaliza kuvuta, ukafungua kichwa na kukirudisha, koili bado ina vuguvugu la digrii 60. Kifaa kinaandika katika kumbukumbu kwamba huu ndio ukinzani wa digrii 25. Kuanzia hapo kinahesabu kutoka omu 0.516 badala ya 0.500. Ukiomba 225 unapewa karibu 266, na skrini inaendelea kuandika 225 bila aibu. Au skrubu ya mguu wa koili ililegea kidogo, ikaongeza miliomu 10 wakati wa kumbukumbu, kisha ukaikaza: ukiomba 225 unapata kama 251. Pamba inaanza kunuka, nawe unalaumu pamba.

Kwa hiyo kipimio chetu kina kazi mbili. Kwanza kipime ukinzani kwa usahihi. Pili kiwe na kipimajoto cha kujitegemea cha kuhakiki hesabu. Kama fedha inatosha kitu kimoja, anza na cha kwanza.

Waya wako ni wa aina gani?

Swali hili lijibiwe kabla ya kununua chochote, maana nusu ya wanaouliza wana waya usiofaa kabisa kwa udhibiti wa joto.

- Nikeli 200: kigezo karibu 0.006. Hupanda sana, hupimika kwa urahisi. Usiipashe ikiwa kavu hadi iwe nyekundu.
- Titani: karibu 0.0035. Hii nayo usiipeleke kwenye wekundu. Hujifunika unga mweupe wa oksaidi ambao hutaki uingie kifuani mwa mtu, na ikizidi sana inaweza kushika moto.
- Stenlesi 316L: karibu 0.0009. Ndiyo ninayowashauri wanaoanza. Ni ngumu, haipindi ovyo, nayo inavumilia makosa.
- Nikromu 80: karibu 0.0001. Ndogo mno kwa hesabu hii.
- Kanthal: mchanganyiko wa chuma, kromu na alumini. Ukinzani wake karibu haubadiliki kwenye joto la vepu. Hauwezi kudhibiti joto, lakini usiutupe. Tutauhitaji baadaye kwa kazi nyingine.

Lebo za waya huchanganywa madukani, kwa hiyo tumia sumaku ya spika iliyokufa. Nikeli na Kanthal hushikwa na sumaku. Titani na nikromu hazishikwi, na 316L haishikwi au hushikwa kwa mbali sana. Kutenganisha nikeli na Kanthal, pima ukinzani huku ukipitisha kiberiti cha gesi chini ya waya: nikeli utaona namba zinakimbia, Kanthal zitakaa palepale.

Vitu vya kukusanya

- Multimita mbili za kawaida zenye kipimo cha milivolti 200. Moja ikiwa na tundu la themokapo, vizuri zaidi.
- Chaja ya simu ya volti 5 unayoweza kuikata waya.
- Rizista ya omu 47 ya wati 2, na rizista ya omu 1 yenye usahihi wa asilimia 1.
- Pawa saplai ya mezani inayotoa angalau ampea 5. Zile ndogo za ampea 2 za kuamshia simu hazitoshi.
- Themokapo ya aina ya K yenye waya mwembamba, milimita 0.1 hadi 0.2.
- Konekta ya kauri yenye skrubu, ile inayofungwa kwenye majiko ya umeme. Ya plastiki itayeyuka.
- Kipande cha kigae cha sakafu cha kuwekea kazi yote.
- Waya wa shaba wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 kwa upande wa umeme mwingi.
- Bomba la sindano la mililita 60, pamba safi, glisirini, maji na barafu.

Kuna kitu sikukiweka makusudi: betri za 18650 zilizotolewa kwenye laptopu mbovu. Najua zimejaa Kariakoo na Luthuli Avenue, na najua zinatia hamu. Betri hizo hazikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa ghafla. Koili ya omu 0.5 kwenye volti 3.7 inavuta zaidi ya ampea 7, na ikipiga shoti hakuna wa kuizima. Pawa saplai ina kikomo cha mkondo, betri haina.

Hatua ya kwanza: ukinzani wa baridi

Ukibana ncha za multimita kwenye koili na kuchagua omu 200, utasoma labda 0.8. Hiyo si koili. Nyaya za mita peke yake zina omu 0.2 hadi 0.5, na mita yenyewe inaruka kwa hatua za 0.1. Kusahihisha kwa kutoa ukinzani wa nyaya hakusaidii, kwa sababu mgusano hubadilika kila unapobana upya.

Njia inayofanya kazi ni ya nyaya nne. Nyaya mbili zinapitisha mkondo, nyingine mbili zinasoma volti, na hazichanganyiki.

1. Kata waya wa chaja. Kutoka chanya, unga rizista ya omu 47, kisha rizista ya omu 1, kisha koili, kisha rudi hasi. Vyote kwenye mstari mmoja. Mkondo utakuwa karibu miliampea 103.
2. Funga miguu ya koili kwenye konekta ya kauri. Kaza hadi waya usiteleze, usiukate.
3. Acha koili ipoe. Dakika 10 bila kuigusa wala kuipulizia. Soma joto la chumba na uliandike.
4. Weka mita kwenye milivolti 200. Gusa miguu miwili ya rizista ya omu 1. Andika.
5. Kwa mita hiyohiyo, bila kubadilisha kipimo, gusa miguu ya koili yenyewe, ndani ya skrubu, mahali inapoanza kuzunguka. Andika.
6. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Jibu ndilo ukinzani wa koili kwa omu.

Ukisoma milivolti 103.0 kwenye rizista na 51.5 kwenye koili, koili ni omu 0.500. Uzuri wake ni kwamba hata kama mita yako inazidisha kwa asilimia 2, inazidisha kote kuwili, na mgawanyo unaifuta. Mita ya bei ya chini inatosha kabisa hapa.

Kuna anayeniambia aongeze mkondo hadi ampea 1 ili namba ziwe kubwa. Usifanye hivyo. Ampea 1 ndani ya omu 0.5 ni nusu wati, na waya mwembamba utaanza kupata moto wakati wewe unaandika kwamba ni wa baridi. Kwa miliampea 103 ni wati 0.005, haidhuru.

Rudia mara tatu, kila mara ukilegeza na kukaza skrubu upya. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya miliomu 2 au 3, tatizo liko kwenye miguu. Usiendelee hadi zitulie. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi huruka hatua hii, kisha wanatumia wiki nzima kutafuta kosa kwenye themokapo.

Themokapo: ihakiki kwanza

Themokapo ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila digrii. Mita yenye tundu lake huigeuza kuwa joto. Wanaopenda Arduino watatumia kijibodi cha MAX6675 au MAX31855. Vyote vinafaa, ila MAX6675 hutoa usomaji mpya kama mara 4 au 5 tu kwa sekunde, na mvuto mmoja wa vepu ni sekunde 3. Usitegemee mstari laini.

Ihakiki kwa vituo viwili.

Barafu: ponda barafu, ongeza maji kidogo hadi iwe uji mzito, koroga, zamisha ncha bila kugusa kikombe. Isome karibu na 0.

Maji yanayochemka: hapa ndipo watu wa bara wanapokosea. Maji yanachemka kwenye digrii 100 ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Nairobi, Mbeya na Nakuru yanachemka karibu na 94. Arusha karibu 95, Kampala karibu 96. Hupungua takriban digrii moja kwa kila mita 300 unazopanda. Fundi wa Nairobi anayesoma 94 na kuongeza 6 "kusahihisha" ameiharibu themokapo nzima.

Ikikosea kwa digrii 2, andika kosa hilo na uendelee. Themokapo nyingi za kawaida zinaruhusiwa kupotoka kiasi hicho. Ikikosea kwa 10, itupe. Ikipungua badala ya kupanda ukiipasha, umeifunga kinyume. Rangi zinachanganya: kwa mpangilio wa Marekani nyekundu ni hasi na njano ni chanya, kwa mpangilio wa kimataifa kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Fundi wa umeme aliyezoea kwamba nyekundu ni chanya atanaswa.

Na ncha ile nene inayokuja na mita, yenye ukubwa wa punje ya mtama, haifai. Waya wa koili ni milimita 0.3 au 0.4. Ncha nene kuliko waya huo itanyonya joto la waya unaoupima, nawe utasoma joto la ncha. Tafuta nyembamba.

Jua kigezo cha waya wako kwa mafuta

Namba zilizoandikwa kwenye lebo ni za kukadiria. Ukitaka ya kwako, pasha koili yote kwa usawa na usome ukinzani.

Funga koili bila pamba, iwe na nyaya nne zilizobanwa kwa skrubu. Usizichomelee kwa risasi: risasi ya kawaida huyeyuka kuanzia digrii 183, na stenlesi haishiki risasi vizuri hata hivyo. Zamisha koili na ncha ya themokapo pamoja, zikiwa karibu bila kugusana, ndani ya kikombe kidogo cha chuma chenye mafuta ya kupikia. Weka kwenye jiko la umeme la bamba. Si la gesi, si la mkaa, hakuna mwali wazi karibu na mafuta.

Pasha polepole, koroga, na soma ukinzani kwenye 30, 60, 90, 120 na 150. Ishia hapo. Hakuna sababu ya kwenda hadi mafuta yatoe moshi, na tone moja la maji likidondokea mafuta ya digrii 150 litakurukia usoni. Vaa miwani. Kifuniko cha sufuria kiwe mkononi.

Koili yetu ya mfano ingesoma karibu 0.5575 kwenye 150. Chukua ongezeko (0.0575), gawanya kwa ukinzani wa baridi (0.500), kisha gawanya kwa digrii ulizopanda (125). Unapata 0.00092. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye menyu ya kifaa, sehemu inayoandikwa TCR, kama kifaa chako kinaikubali.

Osha koili kwa sabuni na maji moto, uisuuze mara kadhaa, iache ikauke. Koili iliyopita kwenye mafuta isirudi kwenye kifaa cha kuvuta. Mafuta ya kula yakipuliziwa mapafuni ni ugonjwa. Iweke kuwa ya majaribio daima.

Kuwasha moto wenyewe

Toa saketi ya chaja, unga pawa saplai kwa waya wa 1.5. Weka kikomo cha mkondo ampea 5 kabla ya kuwasha. Pitisha utambi wa pamba ndani ya koili mpya, nao usikazwe sana. Ncha ya themokapo iingie katikati ya utambi, si juu ya waya.

Kwa nini katikati ya utambi? Kwa sababu koili ina umeme. Ncha tupu ikigusa mizunguko miwili ya waya kwa pamoja, inachukua volti iliyo kati yake, na kwa themokapo milivolti moja ni digrii 24. Utaona 400, kisha 90, kisha 310. Ikibidi kugusa waya, funika ncha kwa utepe mwembamba wa Kapton, na tumia mita inayoendeshwa kwa betri yake yenyewe, isiyoshiriki waya wowote na pawa saplai.

Jaribio la kwanza ni la maji, si la glisirini. Loanisha utambi kwa maji safi, washa wati 8 kwa sekunde 3. Katikati ya utambi wenye maji haiwezi kupita kiwango cha kuchemka cha mji wako hadi utambi ukauke. Ukiwa Nairobi na unasoma 94, meza yako iko sawa. Ukisoma 120 wakati pamba bado inatona, kuna umeme unaoingia kwenye themokapo, rudi nyuma.

Kisha glisirini. Panda kwa hatua: wati 5, 8, 10. Kwa omu 0.5, wati 10 ni karibu ampea 4.5 na volti 2.2. Kila hatua iwe sekunde 3 za umeme, huku mkono mwingine ukivuta bomba la sindano polepole hadi mililita 55, kisha pumzika nusu dakika. Sikuzitunga namba hizo: ndizo za kiwango cha ISO 20768 cha 2018 cha mashine za kupimia vepu. Bila upepo wa kuvuta, koili hupata joto zaidi kuliko inavyopata kwa mvutaji.

Namba zinakimbia kuliko jicho. Weka simu kwenye kitu imara, mita zote na skrini ya pawa saplai zionekane, rekodi video, kisha isogeze picha kwa picha ukiandika. Kwa kazi hii simu inashinda Arduino.

Gawanya volti za kwenye miguu ya koili kwa mkondo, upate ukinzani wa moto, upige hesabu ya joto. Lakini subiri, hapa ndipo Kanthal inarudi. Volti na mkondo sasa vinapimwa na vyombo viwili tofauti, na ule ujanja wa mgawanyo hautulindi tena. Mkondo ukisomwa vibaya kwa asilimia 2, utapotea kwa miliomu 12, ambazo ni digrii 26. Dawa yake: sokota koili ya Kanthal ya omu 0.5, ipime kwa saketi ya chaja, kisha iweke mahali pa koili yako na uiwashe kwa mkondo uleule. Ukinzani wake haubadiliki kwa moto, kwa hiyo tofauti yoyote unayoona ni uongo wa vyombo. Ikiwa baridi ni 0.500 na kwa umeme mwingi unapata 0.510, zidisha vipimo vyako vyote vya moto kwa 0.98.

Kuzisoma namba

Utapata namba mbili za joto: ya hesabu ya ukinzani na ya themokapo. Hazitalingana, na zisipolingana usidhani umeharibu. Ukinzani unatoa wastani wa waya wote pamoja na miguu, ambayo imepozwa na skrubu. Tofauti ya digrii 15 au 20 ni ya kawaida. Tofauti ya 60 inataka maelezo.

Angalia zaidi umbo la kupanda. Propilini glaikoli inachemka kwenye digrii 188, glisirini kwenye 290. Wakati utambi umeloa, joto hupanda kisha hutulia. Likipanda, likatulia, halafu likaruka ghafla, hapo utambi umekauka mahali fulani. Ukiona mruko huo, au ukisikia harufu ya mafuta yaliyoungua inayochoma macho, zima na fungua dirisha. Hiyo ni akrolini, inayotoka glisirini ikivunjika, nayo si ya kuizoea. Mimi husimamisha majaribio ya glisirini kwenye 250 kwa themokapo.

Kama unapima kifaa chenyewe badala ya koili, unga matokeo ya kifaa kwenye konekta na uamini themokapo peke yake. Vifaa vingi vya bei ya chini hutuma umeme kwa mapigo ya harakaharaka, na multimita ya kawaida itakupa namba zisizo na maana.

Mtasema

"Si nitumie ile bunduki ya kupimia joto ya wakati wa korona?" Hapana. Inasoma wastani wa duara lenye upana wa sentimita moja au zaidi, na waya wako ni milimita 0.4. Sehemu kubwa ya inachosoma ni kigae. Isitoshe, metali inayong'aa hutoa miale michache, na bunduki huidhania baridi.

"Nikiona haijawa nyekundu, si iko salama?" Chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani kwenye digrii 525 hivi. Pamba na glisirini zimeshaharibika zamani.

"Kwa nini nisidhibiti volti tu, niache haya ya joto?" Mwaka 2015 watafiti wa Portland State University walichapisha barua katika New England Journal of Medicine, wakieleza kwamba kifaa kilichotumia volti 5.0 kilitoa viambato vya fomaldehaidi, na kwa volti 3.3 hawakuviona. Konstantinos Farsalinos wa Ugiriki na wenzake wakajibu kwamba aldehaidi nyingi hutokea utambi ukikauka, hali ambayo mvutaji huitema mwenyewe kwa ladha yake. Ubishi ule uliwagawa watu, lakini pande zote mbili zilikuwa zinabishania kitu ambacho volti haikisemi: volti 5 kwenye omu 2 ni wati 12.5, kwenye omu 0.5 ni wati 50.

"Na zile za kutupa, za rangirangi, naweza kuzipima?" Usizifungue kwa kazi hii. Koili yake imefungwa ndani ya pamba iliyojaa nikotini inayopenya ngozi, imebanana na betri ya lithiamu isiyo na ganda gumu, na bisibisi inayoteleza inatoboa vyote viwili kwa pigo moja. Hata ukifanikiwa hakuna cha kurekebisha: haina menyu, haina skrubu, na waya wake mara nyingi ni wa jamii ya Kanthal, kwa hiyo ukinzani hautakuambia kitu. Mteja akikuletea, mrudishie kama ilivyo.